Karani, Leja na Tarishi: Kufundisha Jinsi Kanzidata Inavyopeleka Habari Nje

Katika somo la Tehama, wanachuo hufika mahali ambapo swali hili hujitokeza: iwapo kanzidata ndiyo inayojua kwanza kwamba jambo fulani limebadilika, kwa nini isiwapashe watu habari yenyewe, moja kwa moja? Swali ni zuri, nami kwa miaka miwili nililijibu vibaya. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu-mwanachuo jibu lililo bora, pamoja na njia ya kulifundisha kwa meza, daftari na wanafunzi wachache.

Tuanze na maana za maneno. Utaratibu uliohifadhiwa ni mfululizo wa maagizo uliotungwa mapema na kuwekwa ndani ya kanzidata, ili uitwe kwa jina lake unapohitajika. Muamala ni kundi la mabadiliko ambayo ama hukubaliwa yote, ama hufutwa yote. Websoketi ni njia ya mawasiliano iliyowekewa kanuni katika waraka RFC 6455 wa Desemba 2011. Mteja hupiga hodi kwa ombi la kawaida la HTTP, akiomba njia ibadilishwe. Seva ikikubali hujibu kwa namba 101, nayo ndiyo “karibu” yake. Tangu hapo kila upande huweza kumsemesha mwenziwe wakati wowote bila kupiga hodi tena. Faida ya njia hii, basi, imo katika kudumu kwake. Utaratibu uliohifadhiwa, kinyume chake, huamka, hufanya kazi yake kwa muda mfupi, na kulala. Kuufanya ufungue websoketi kila unapoitwa ni sawa na kujenga daraja ili mtu mmoja avuke, kisha kulibomoa.

Hilo la gharama, hata hivyo, ni dogo. Kubwa nililifahamu kwa aibu. Katika chuo nilichofundisha zamani niliandika programu ya kuwapangia wanachuo shule za mazoezi ya kufundisha. Mara tu jina lilipoingizwa, utaratibu niliouhifadhi ulifungua websoketi na kupeleka habari kwenye skrini ya ukumbini. Siku moja mwanachuo mwenye mtoto mchanga aliona jina lake limepangwa katika shule iliyo jirani na kwao. Alimpigia mama yake simu, akamwambia asitafute tena mlezi. Kumbe nafasi za shule ile zilikuwa zimejaa. Hatua ya mwisho ya muamala ilikataliwa na muamala wote ukafutwa. Leja ilijisahihisha, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. Alipokuja ofisini kuniuliza kipi ni kweli, skrini au orodha, nilimjibu kwamba ni orodha. Hakuniuliza zaidi, akaenda zake.

Kwa hiyo, mwalimu anapofundisha jambo hili, na aanze na tendo, si maelezo. Mwanafunzi mmoja awe karani, akae mezani na leja. Watatu wapange foleni, kila mmoja akiwa na ombi la kuandikiwa. Wa tano asimame nje ya mlango. Huyo ndiye seva ya websoketi. Katika duru ya kwanza, karani aandike nusu ya ombi, ainuke, aende mlangoni, apige hodi, angoje karibu, aseme habari, kisha arudi kumalizia. Mwalimu amnong’oneze yule wa mlangoni achelewe kuitika. Foleni itaanza kunung’unika, mwachie inung’unike. Ndivyo ilivyo katika kanzidata: muamala unaongoja mtandao hushikilia kufuli za safu ulizozigusa, na wanaozihitaji safu hizo hungoja pamoja nao. Kisha, karani akiwa amekwisha kutangaza, mwalimu aseme: “Ombi hili limekataliwa, lifute.” Karani atafuta. Waulize wanafunzi nani atayafuta maneno yaliyokwisha kusikika mlangoni. Usiwasaidie upesi.

Katika duru ya pili ongeza mwanafunzi wa sita, tarishi, na kisanduku. Karani haondoki mezani. Kila anapoandika ombi hujaza pia kikaratasi. Ombi likitiwa sahihi, kikaratasi huingia kisandukuni. Likifutwa, kikaratasi huchanwa pamoja nalo. Tarishi ndiye anayeshika njia ya websoketi, nayo huiacha wazi siku nzima.

Hiki si kielelezo cha kubuni tu. Katika PostgreSQL lipo agizo la NOTIFY, ambalo utaratibu uliohifadhiwa huweza kulitoa ndani ya muamala. Ilani hutolewa baada tu ya muamala kukubaliwa, na muamala ukifutwa ilani hufa nao. Programu ya nje iliyotoa agizo la LISTEN huipokea na kuipeleka kwenye websoketi. Kwa kawaida ilani haibebi maneno ya kufikia baiti 8,000, hivyo ni busara ibebe namba ya ingizo tu, na tarishi asome mengine katika jedwali. Wapo watakaosema kwamba yawezekana kuandika utaratibu huo kwa Python ndani ya PostgreSQL na kufungua mtandao humo humo. Yawezekana kweli, lakini lugha hiyo imewekwa katika kundi la lugha zisizoaminiwa, na ni msimamizi mkuu wa kanzidata pekee anayeruhusiwa kutunga taratibu kwa lugha hiyo.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: je, tarishi akiwa hayupo ilani inapotoka? Jibu ni kwamba itampita, kwani NOTIFY haimtunzii asiyekuwapo. Ndiyo maana kisanduku kiwe jedwali halisi, linaloandikwa katika muamala ule ule, ambalo tarishi hulipitia kila anaporejea. Huenda pia akaanguka baada ya kufikisha habari lakini kabla ya kuweka alama kwamba ameifikisha, akaipeleka mara ya pili. Kila kikaratasi kipewe namba, na mpokeaji wa mlangoni aandike ubaoni namba alizokwisha kupokea. Akiletewa namba iliyomo, airudishe bila kuitangaza. Sehemu hii huchukua dakika kumi hivi, na tarishi wa kuanguka apatikane mapema, maana kila mtoto atataka kuwa yeye.