Kusoma utafiti kwa jicho la mtafuta kazi

Wengi wetu tunaomaliza masomo ya lugha tunaona mlango mmoja tu: kufundisha. Katika makala haya nataka kuonyesha mlango mwingine, nao ni ripoti za utafiti zilizochapishwa. Ripoti ikithibitisha tatizo la lugha, imetaja pia kazi inayomsubiri mtaalamu wa lugha.

Tuchukue mfano wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na mwisho wake tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2,200 walikufa. Katika kipindi hicho shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha zilizotumika kuwaelimisha wananchi. Lilikuta kwamba maandishi mengi yalikuwa kwa Kifaransa na Kiswahili sanifu, huku watu wakitaka kuelezwa kwa lugha wanazozungumza nyumbani, kama Kinande na Kiswahili cha kwetu. Wahamasishaji walilazimika kutafsiri papo hapo, kila mmoja kwa njia yake. Sasa, mtu asiyeelewa kwa nini mgonjwa wake anatengwa, au kwa nini familia haiwezi kuosha maiti, atawaaminije wauguzi?

Ripoti ya namna hii naisoma kwa maswali manne.

1. Nini kilishindikana? Hapa ni istilahi na tafsiri, yaani fani yetu wenyewe.

2. Nani anaumia, na nani analipa? Anayeumia ni mgonjwa. Mwenye bajeti ni shirika au wizara. Barua yetu iende kwa mwenye bajeti, lakini ieleze shida ya mgonjwa.

3. Mapendekezo yanadai nini? Mara nyingi sura hii huwa mwishoni, na wengi hawaifikii. Pendekezo la kutafsiri, la kufunza wahamasishaji au la kujaribu ujumbe kabla ya kuuchapa, kila moja ni huduma tunayoweza kuitoa.

4. Utafiti uliishia wapi? Kila utafiti una mahali pake, lugha zake na mwaka wake. Huenda tatizo hilohilo liko katika chanjo, mahakama au benki. Hilo ni wazo tu mpaka tulihakikishe kwa watu wenyewe, kwa sababu ripoti ya zamani haithibitishi hitaji la leo.

Zoezi: Chagua tangazo moja la afya la Kifaransa. Wasomee watu watano wa mtaani kwako, kisha kila mmoja alieleze kwa maneno yake. Andika walipopotea. Litafsiri kwa lugha unayoimudu kweli, ulijaribu kwa watu watano wengine, na ulinganishe majibu. Ukurasa huo mmoja wa matokeo, ukiambatanishwa na ripoti iliyokuongoza, utamwonyesha mwenye mradi unachoweza kufanya, jambo ambalo diploma peke yake haimwonyeshi.