Oili ya Injini Inapopungua Upesi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kufungua Injini

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba wanazijua sana pikapu za zamani. Asubuhi hupeleka ndizi sokoni. Wakati wa mavuno huchukua magunia ya kahawa hadi chama cha msingi. Na usiku wa manane, mgonjwa azidiwapo, pikapu ndiyo gari la wagonjwa la kijiji kizima. Kwa hiyo ikianza kupoteza oili, shida hiyo si ya mwenyewe peke yake.

Twaandika somo hili kwa sababu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu. Mzee mmoja, jamaa yetu wa upande wa Muleba, alikuwa na Toyota Hilux ya petroli, nayo ikaanza kuhitaji oili kila juma. Fundi mmoja alisikiliza mngurumo, akautazama moshi, akasema, “Mzee, injini imekwisha, tafuta nyingine.” Mzee hakuwa na fedha. Akawakusanya wanawe washauriane kuuza sehemu ya kibanja. Kila Mhaya ajua uzito wa neno hilo, maana kibanja si migomba tu, bali ndimo walimozikwa wazee. Tukamwomba, “Baba, tupe majuma mawili kwanza, tuipime gari hii kwa utaratibu.” Akakubali. Haya ndiyo tuliyoyafanya.

Yafaa kujua kwanza kwamba oili haitoweki bure. Ina njia tatu tu za kupotea: ama yavuja nje, ama yaungua ndani ya injini, ama yaingia katika maji ya rejeta. Kazi ya mwenye gari ni kuitambua njia hiyo, akianza na uchunguzi usio na gharama.

KWANZA, PIMA NA KUANDIKA. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika kumi ili oili ishuke katika sampu. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kisha kichomoe tena ukisome. Jaza oili hadi alama ya juu wala usiipite, kwa kuwa oili iliyozidi huchapwa na krenki ikawa povu, ikapotea upesi zaidi. Andika katika daftari hesabu ya kilomita na kiasi cha oili unachoongeza, mpaka zitimie kilomita 1,000. Watengenezaji wengi wa magari huhesabu lita moja kwa kilomita 1,000 kuwa ndio mpaka wa mwisho. Basi gari la zamani likila robo lita tu, halina ugonjwa wa kutisha. Asemaye “linakula sana” bila daftari, huyo anakisia.

PILI, TAFUTA PANAPOVUJA. Osha injini, endesha siku moja, kisha laza gari juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Oili hushuka chini, na upepo wa safari huisukuma nyuma. Kwa hiyo palipolowa sana huenda sipo ilipotoka. Fuata unyevu hadi mahali pa juu na pa mbele kabisa. Tazama gasketi ya kifuniko cha valvu, chujio ya oili, swichi ya presha ya oili, na sili za krenki, ya mbele na ya nyuma.

TATU, TAZAMA PUMZI YA INJINI. Katika kila injini hewa kidogo ya moto hupenya kando ya pistoni ikashuka ndani ya sampu, nayo hutolewa kwa mpira wa kupumulia. Mpira huo ukizibwa na masizi, presha hukosa pa kutokea. Basi huisukuma oili nje kupitia sili na gasketi, zikaonekana kana kwamba ndizo zenye kosa. Ng'oa mpira uusafishe. Katika injini nyingi za petroli iko valvu ndogo kwenye mpira huo. Ukiitikisa mkononi, yapasa ilie kama njugu katika ganda. Isipolia, isafishe au uibadilishe.

NNE, SOMA MOSHI. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Mweupe mzito usiokoma hata injini ipatapo moto ni maji. Lakini mvuke mweupe wa asubuhi ya baridi si ugonjwa. Oili ikigeuka rangi kama chai ya maziwa, na maji ya rejeta yakipungua, usiendeshe tena. Huenda gasketi ya hedi imeungua.

Hapa milima yetu ni mwalimu mzuri. Kagua breki, kisha panda kutoka Muhutwe kwenda Kamachumu ukiwa na mzigo, na mwenzako atazame nyuma. Moshi wa buluu ukitoka wakati wote wa kupanda, ringi za pistoni zashukiwa. Rudi ukishuka katika gia bila kukanyaga mafuta, na ufikapo chini, kanyaga. Likitoka wingu la buluu kisha likaisha, zashukiwa sili za valvu. Maana injini ya petroli inaposhuka hivyo huvuta kwa nguvu, ikainyonya oili kando ya valvu. Moshi utokao mara moja tu asubuhi, unapowasha, husema neno lile lile. Jaribio hili la kushuka halifai kwa dizeli, kwa kuwa injini ile haivuti namna hiyo.

TANO, PIMA KOMPRESHENI. Sasa ndipo aitwe fundi mwenye saa ya kupimia. Ang'oe plagi zote, apime kila silinda. Silinda iliyo chini ya wenzake aitie kijiko cha oili, apime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi au silinda imelika. Kisipopanda, huenda valvu hazifungi vema. Jaribio la kijiko lisifanywe kwa dizeli.

Ringi hizo ni pete za chuma zinazozunguka pistoni. Namna yake yenye mkato ilibuniwa na Mwingereza John Ramsbottom katika miaka ya 1850, kwa injini za mvuke. Adui yake huku kwetu ni vumbi jekundu: chujio ya hewa ikitoboka, vumbi huingia likasaga ringi na silinda kama jiwe la kusagia. Wako washaurio kutia oili nzito. Oili nzito hupunguza moshi, lakini haiponyi ringi iliyolika.

Na gari la yule mzee? Mpira wa kupumulia ulikuwa umeziba kabisa, na gasketi ya kifuniko cha valvu imekauka kama gamba la mgomba. Kompresheni ilikuwa njema katika silinda zote. Tuliusafisha mpira, tukanunua gasketi, na katika kilomita 1,000 zilizofuata aliongeza chini ya nusu lita. Kibanja hakikuuzwa.

Hatusemi kwamba kila injini itapona hivyo. Ziko zilizolika kweli, nazo hazina budi kufunguliwa. Hata hivyo, mwenye gari asitoe fedha kabla ya kuonyeshwa kipimo. Na wakati angojapo matengenezo, apime oili kila asubuhi, asiiache ishuke chini ya alama, maana hapo injini nzima itakufa kweli. Oili chafu nayo isimwagwe kibanjani wala katika mfereji uendao ziwani.

Twawaomba walimu walifundishe somo hili kwa vijana, na viongozi wa vijiji wawashauri wenye magari. Daftari la shilingi chache laweza kuokoa kibanja.