Manung'uniko Huvunja Moyo wa Anayejitolea

Somo letu linatoka kwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Zipo zinazoitwa programu huria: mtu huziandika, huzitoa bure, na yeyote aweza kuzisoma na kuzirekebisha. Wengi wanaozitunza hawalipwi.

1. Habari yenyewe. Lasse Collin wa Ufini alitunza kwa miaka mingi programu ya XZ, ambayo hubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Kompyuta nyingi mno za Linux huitumia. Mwaka 2022 watu walimwandikia wakilalamika kwamba kazi inakwenda polepole, na kwamba afadhali ashike mwingine. Akajibu kwa upole kuwa bado anaipenda, ila nguvu zimepungua. Tena ni kazi ya kujitolea isiyo na malipo.

2. Matokeo. Wakati huo alikuwapo mtu aliyejiita Jia Tan, akisaidia kwa bidii. Mtunzaji aliyechoka akamshirikisha madaraka. Mapema mwaka 2024 msaidizi huyo akaficha ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mwezi Machi mhandisi Andres Freund aliona kompyuta ikichelewa kama nusu sekunde kumfungulia. Akachunguza, akaugundua mlango huo kabla haujaenea sana. Wachunguzi wengi huamini kwamba walalamikaji na msaidizi walikuwa kitu kimoja.

3. Fundisho. Mbona malalamiko yale hayakumshtua mtu? Kwa sababu ndivyo watumiaji wengi walivyozoea kusema. Hila ilijificha katika desturi yetu mbaya.

Kueleza kosa si kunung'unika. Anayesema, "Hapa pameharibika, nami nilifanya hivi," amemsaidia fundi. Anayesema, "Mbona hujamaliza?" amemwongezea mzigo tu. Mwenye mshahara aweza kuvumilia lawama kwa ajili ya mshahara wake. Anayejitolea hushikwa na furaha ya kazi na shukrani ya watu. Ukimwondolea hayo, ni nini kitakachombakiza? Naye akichoka, hupokea mkono wowote unaonyoshwa, bila kuuliza ni wa nani.

Maswali ya kujadiliana:
(a) Ni nani kati yetu anayefanya kazi bila malipo? Mara ya mwisho ulimwambia neno gani?
(b) Ukiona kosa katika kazi yake, utalisemaje ili apate nguvu ya kulirekebisha?