Shahada ya Uzamivu na Kazi ya Shambani: Funzo Kutoka Ilonga

Jirani na Chanzuru, wilayani Kilosa, kiko Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Ilonga. Msimu wa mahindi, katika mashamba ya kituo kama hicho, mgeni huweza kushangazwa na mimea iliyovishwa mifuko ya karatasi: mingine kileleni penye mbelewele, mingine ubavuni penye gunzi changa. Anayeamua mfuko upi uvuliwe, na lini, mara nyingi ni msomi mwenye shahada ya uzamivu. Hana ukumbi wa mihadhara, wala hasahihishi mitihani. Je, msomi huyo amepotea njia?

Swali hili si la mzaha. Wanafunzi wengi wa sekondari, na hata baadhi ya walimu wao, hudhani kuwa shahada hiyo ni ngazi ya kumfikisha mtu kwenye uhadhiri tu, na kwamba aliyeishia pengine ameshindwa. Dhana hiyo huwaumiza vijana wenye vipawa. Nafasi za uhadhiri ni chache kuliko wanaozitaka, na yule aliyezoea kuona mlango mmoja hukata tamaa mlango huo ufungwapo.

Historia ya sayansi nchini yaonyesha vinginevyo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kama chuo kishiriki. Lakini kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, kilikuwa kimeanzishwa na Wajerumani tangu mwaka 1902. Hapo ndipo H. H. Storey, aliyefika mwaka 1928, alipoendelea kuchunguza ugonjwa wa milia ya mahindi. Ugonjwa huo husababishwa na kirusi, nacho huenezwa na mdudu mdogo arukaye, aitwaye Cicadulina. Storey aligundua kwamba si kila mdudu wa jamii hiyo aliweza kueneza kirusi, na kwamba uwezo huo hurithiwa kutoka kwa wazazi. Kisha akatoboa kwa sindano nyembamba utumbo wa wadudu wasioweza, nao wakaweza. Kwa hiyo kizuizi kilikuwa katika ukuta wa utumbo. Jaribio zuri namna hii lilifanyika Tanganyika miaka thelathini hivi kabla nchi haijawa na chuo kikuu.

Kazi ya Ilonga ni mwendelezo wa swali lile lile kwa upande wa mmea. Mwaka 1974 ulianzishwa mpango wa taifa wa utafiti wa mahindi, na Ilonga ikawa makao yake. Mahindi huchavushwa na upepo. Mtafiti asipofunika maua hajui baba wa mbegu ni nani. Hivyo hufunika gunzi kabla ndevu hazijatokeza, hukusanya chavua ya mmea aliouchagua, kisha huinyunyiza juu ya ndevu za mmea mwingine. Mbegu zinazopatikana hupandwa, iliyo dhaifu hutupwa, iliyo bora huzalishwa tena, msimu baada ya msimu. Ili kuupima ukinzani hasa, haitoshi kungoja ugonjwa uje wenyewe, kwani mmea wenye afya huenda haukuumwa na mdudu hata mmoja. Katika taasisi ya IITA huko Ibadan, Nigeria, wadudu hao walifugwa kwa wingi na kuachiwa juu ya mimea michanga, ili kila mmea upate mtihani wake.

Mwaka 1983 ilitolewa mbegu ya Staha kwa nyanda za chini, na mwaka 1987 TMV-1, yenye kukinza milia. Zote mbili si chotara: mkulima aweza kuweka mbegu ya mwaka ujao kutoka shamba lake mwenyewe, mradi achague magunzi mazuri.

Yafaa hasara zake zisifichwe. Mtafiti wa kituoni hachagui swali lake kwa uhuru wa mhadhiri. Swali huletwa na njaa, au na bajeti. Mvua ikikosekana, kazi ya mwaka hupotea. Zaidi ya hayo, mbegu haiandikwi jina la mtu. Mkulima hujua Staha, hamjui aliyefunika maua yake kwa mifuko. Atamaniye sana kutajwa atapata taabu katika kazi hii, na ni heri alijue hilo mapema.

Wapo wengine waliotumia uzamivu wao kwa njia tofauti. Dkt. Mwele Malecela alijiunga na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1987, akapata shahada yake London, akaongoza mapambano dhidi ya matende na mabusha. Alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa taasisi hiyo tangu mwaka 2010 hadi 2016, na alipofariki mwaka 2022 alikuwa akiongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani. Wangari Maathai wa Kenya, mzamivu wa mwaka 1971 katika anatomia ya wanyama, aliacha uhadhiri mwaka 1982 ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na kazi yake ya awali hakuipata tena. Kilichobaki ni miti aliyokwisha kuanza kuipandisha kwa akina mama tangu mwaka 1977. Anatomia haikumsaidia kuotesha mche hata mmoja, bali mazoea ya kuchunguza, kuhesabu na kuandika kumbukumbu yalihama pamoja naye.

Mazoea hayo yaweza kuanzwa kidato cha pili. Mwalimu wa baiolojia na awapeleke wanafunzi katika shamba la mahindi lililo karibu, mimea ifikapo kimo cha goti. Wahesabu mimea 100 kwa kufuata mstari bila kuruka hata mmoja, waandike ni mingapi ina majani yenye milia myembamba ya rangi ya njano, na kama iliyougua imekusanyika ukingoni au imetawanyika. Warudie hesabu hiyo baada ya wiki mbili, katika mstari ule ule.