Soma Chuma Kabla ya Kukinunua

Nikitembea Glasgow hutazama juu kuliko mbele. Huko juu, kwenye vilele vya mapaa, vishikizo vya roshani na midomo ya mabomba ya mvua, ndiko ilikobaki kazi ya mafundi wa karne ya 19, na hiyo ndiyo ninayoikusanya: mapambo ya majengo yaliyotengenezwa kwa chuma cha kusubu. Mji huu ulikuwa na viwanda vingi vya kazi hiyo. Kilichovuma zaidi ni Saracen Foundry ya Walter Macfarlane, kilichoanza mwaka 1850 na kufungwa 1967, baada ya kupeleka nguzo, uzio na chemchemi hadi India na Australia. Wasomaji wangu wa Zanzibar nao wana mfano karibu: nguzo za baraza za Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa 1883, ni za chuma cha namna hii.

Jambo la kwanza ni kutofautisha chuma cha kusubu na kile cha kufua. Cha kufua hupigwa nyundo na mhunzi, kwa hiyo hakuna majani mawili yatakayofanana kabisa. Cha kusubu humiminwa kikiwa uji kwenye kalibu ya mchanga; ua la kwanza na la ishirini huwa ni lilelile. Kikipigwa kwa nguvu hakipindi, huvunjika. Ndiyo maana nikifika kwa muuza vitu vya kale hukininginiza kwa kamba na kukigonga taratibu kwa ufunguo. Kizima hulia kwa sauti inayodumu. Chenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa, hata kama rangi imeuficha ufa wenyewe.

Sumaku isikose mfukoni. Nakala nyingi za siku hizi ni za alumini iliyopakwa rangi nyeusi, na sumaku huzikataa papo hapo. Nakala za chuma halisi ndizo zinazohitaji jicho. Aghalabu hutengenezwa kwa kukandamiza pambo la zamani kwenye mchanga, na chuma kikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1, kwa hiyo nakala hutoka ndogo kidogo na mistari yake hufifia. Geuza upande wa nyuma: chuma cha zamani huwa kimetulia na kutu yake ni ya rangi nzito, ilhali nakala huwa na chembe za mchanga zinazokwaruza na alama mpya za grainda. Skrubu zenye kichwa cha msalaba ni ushahidi kwamba mtu ameshika kazi hiyo karne ya 20 au baadaye.

Kisha tafuta maandishi. Hapa ndipo raha yangu ilipo. Kati ya 1842 na 1883, michoro iliyosajiliwa Uingereza iliwekewa alama ya umbo la almasi. Juu yake kuna namba ya Kirumi ya aina ya bidhaa, na I ni metali. Herufi ya mwaka ikiwa chini tu ya namba hiyo, usajili ni wa 1842 hadi 1867. Ikiwa pembe ya kulia, ni wa 1868 hadi 1883. Kuanzia 1884 utakuta “Rd No” na nambari. Lakini kumbuka, huo ni mwaka wa kusajili mchoro. Pambo lenyewe huenda lilimiminwa miaka mingi baadaye. Muuzaji anayekuhakikishia mwaka kwa alama hiyo peke yake, usimlipe kwa uhakika huo.

Usafishaji usiufanyie pupa. Rangi ya zamani huwa na risasi, ambayo ni sumu, hivyo usiisugue ikiwa kavu wala usiichome kwa moto. Mimi hutumia dawa ya kulainisha rangi, glavu na barakoa, mbali na watoto. Kwa kutu nzito, kitumbukize chuma kwenye maji yenye soda ya kufulia, ukiunganisha pambo na upande hasi wa chaja ya betri na kipande cha chuma cha kawaida upande chanya. Usitumie chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hutoa sumu ya kromiamu. Fanya nje, maana gesi inayotoka hulipuka. Baada ya hapo kausha vizuri, paka nta, basi. Kukipiga mchanga kwa mashine ni kukiua; ncha za majani hupotea na hazirudi.

Anayeanza asikimbilie uzio mzima. Lita moja ya chuma hiki ina uzito wa zaidi ya kilo 7, na ukuta wa mbao nyepesi hautaubeba. Anza na kilele cha uzio au mdomo wa bomba la mvua, ambao mara nyingi una mwaka juu yake.

Mwisho, muulize muuzaji pambo limetoka nyumba gani na nyumba hiyo iko wapi sasa. Iwapo ilibomolewa, nunua, na uandike jina la mtaa nyuma ya picha yake. Iwapo bado imesimama, au jibu linayumba, liache. Tafadhali tusilipe watu kuzivua nyumba zilizo hai mapambo yake.