Dua ya Kufungua Kikao na Daftari la Hesabu

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya mia tatu warudi makwao. Hapo ndipo wengi tunapoishia kusimulia. Tunachosahau ni kwamba katika suala la mishahara minono ya wakubwa aliona vijana wana hoja, naye akatangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu mwaka jana nilikuwa CR wa darasa letu, na kwa kweli niliaibika.

Mimi ni mtu wa ibada. Kila kikao cha darasa nilikifungua kwa dua, na watu walinisifu kwa hilo. Basi tukachangishana shilingi 2,000 kila mmoja za kutoa kopi za notisi. Kopi zikatoka, ikabaki shilingi 18,500. Boom lilikuwa limechelewa, njaa ikabisha hodi, nikasema nitairudisha. Wiki tatu zikapita. Siku moja mwenzangu wa chumba, Mwislamu asiyekosa swala ya alfajiri, akaniuliza kwa upole tu: "Ndugu yangu, hesabu za zile kopi umeziandika wapi?" Sikuwa nimeziandika popote. Dua nilikuwa nayo, daftari sina.

Tangu hapo nimelisoma upya Azimio la Arusha, safari hii si kwa ajili ya mtihani. Lilitangazwa Februari 1967, miezi michache baada ya yale maandamano. Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku akiweza. Lakini tazama miiko ya uongozi ilivyoandikwa: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote, asiwe na mishahara miwili au zaidi, asiwe na nyumba za kupangisha. Mke au mume wa kiongozi naye amo. Hakuna aya ya kitabu kitakatifu hapo. Mwislamu, Mkristo na mwenye dini ya jadi wote waliweza kuisoma na kumhoji kiongozi kwayo, hata kumhoji Nyerere mwenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa. Hakuwaambia watu wamwamini kwa kuwa anasali. Alikubali kufungwa na kamba ambayo wengine wanaiona.

Sisi wa ualimu tuna mfano mwingine wa karibu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitwaa shule za misheni, zikiwemo za kanisa lake, ili mtoto apate nafasi bila kuulizwa dini yake. Yeye mwenyewe alikuwa amefundisha shule ya kanisa pale Pugu, akaiacha kazi hiyo mwaka 1955 kwa ajili ya TANU. Nadhani haikuwa rahisi kuwatazama maaskofu usoni.

Lakini tusimfanye malaika, jamani. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, na wapo walioziona nyumba zao zikibomolewa. Kiongozi anayeamini kwamba nia yake ni safi anaweza kuacha kabisa kuwasikiliza anaowaongoza. Mimi nilikuwa na uhakika kwamba sikuiba, na uhakika huo ndio ulionichelewesha wiki tatu.

Boom lilipotoka nilisimama mbele ya darasa, nikaeleza, nikarudisha. Wachache walicheka, mmoja wa nyuma akaniita mchungaji wa chipsi, na jina hilo halijanitoka hadi leo. Tukakubaliana mambo mawili: fedha ashike mtu mwingine, si CR, na hesabu zibandikwe ukutani kabla ya siku saba kuisha. Dua tuliiacha iendelee, ila sasa tunapokezana, leo wa kanisani, kesho wa msikitini, na asiyependa anakaa kimya.

Karatasi ya mwisho niliyobandika kabla ya kwenda mazoezi ya kufundisha ilikuwa na salio la shilingi 700. Kuna mtu ameandika chini yake kwa penseli: "Zipo kweli?" Zipo, kwa mtunza fedha, mstari wa tatu.