Kukodi Ndege Ukiwa Kyela: Hesabu Ianzie Mlangoni Kwako

Anayekuuzia safari atakwambia Dar es Salaam hadi Songwe ni saa mbili na nusu kwa ndege ndogo. Hakudanganyi. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 690, na ndege aina ya Cessna Caravan, inayokodishwa sana nchini, huenda mwendo wa kilomita 300 hivi kwa saa. Lakini wewe huishi Songwe. Unaishi Kyela mjini, Ipinda, au Matema chini ya milima ya Livingstone, na uwanja wa uhakika kwetu sisi wa mwambao wa kaskazini mwa Ziwa Nyasa ndio huohuo wa Songwe, ulioanza kutumika mwishoni mwa 2012 na wenye njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 3. Kuufikia lazima upande kutoka ziwani, mita kama 475 juu ya usawa wa bahari, upite Tukuyu na kuvuka nyanda zenye baridi za zaidi ya mita 2,000, uteremke Uyole, kisha ujibanze katikati ya malori ya barabara ya Zambia mpaka Mbalizi. Mimi hutenga saa tano. Anayetoka Matema aongeze moja na nusu.

Kwa hiyo kabla hujapiga simu kwa kampuni yoyote, chukua karatasi uandike saa unayotoka mlangoni na saa unayotaka kufika mlango wa pili. Kisha weka pembeni yake ratiba ya Air Tanzania ya Songwe. Mara nyingi utakuta ndege ya ratiba inakutosha, na pesa iliyobaki inasomesha mtoto. Kukodi kuna maana pale ratiba inapokukatalia: msiba ambao maziko hayasubiri, kikundi cha watu tisa au kumi wanaotoka pamoja na kurudi pamoja, au mnunuzi wa kokoa anayetaka kuonana na watu wa vyama vya msingi Kyela leo na kuwa Mtwara kesho.

Tuseme umeamua kukodi. Swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: ndege inalala wapi? Kama makao yake ni Dar es Salaam na wewe unaondokea Songwe, itakuja tupu kukuchukua, na saa hizo mbili na nusu za kuja tupu utazilipa wewe. Safari yako ya upande mmoja imekuwa saa tano. Hapa ndipo kamati nyingi za misiba na harusi hukwama, kwa sababu zilichangisha kwa hesabu ya nusu. Uliza pia kama kuna ndege inayoleta watu Mbeya au Ruaha siku hizohizo, ambayo ingerudi tupu. Ukiweza kusogeza siku yako ikakutana nayo, bei hushuka sana, na kampuni itafurahi kuliko wewe.

Omba bei kwa maandishi, na ndani yake kila kitu kitajwe: saa za kuruka, tozo za kutua na za abiria, malipo ya ndege kusubiri, chakula na malazi ya rubani kama atalala, na kama kodi ya VAT imo au haimo. Safari ikiwa ya ndani ya nchi, bei na itajwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zinataka hivyo, na zinakuondolea ubishi wa dola imepanda au imeshuka kati ya siku ya kukubaliana na siku ya kulipa. Halafu kuna kipengele ambacho watu hawakisomi: ikiwa hali ya hewa itazuia ndege, nani anabeba gharama ya siku ya pili? Kisome kabla hujatuma hata senti.

Sasa uzito, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo desturi yetu inapogongana na ndege. Mwaka mmoja nilisaidia kupanga safari ya wazee wetu kwenda Dar es Salaam kwenye harusi. Viti vilikuwa kumi na wazee walikuwa kumi. Asubuhi uwanjani, kila nyumba ilikuwa imeleta zawadi yake: mchele wa Kyela uliokobolewa wiki hiyo, ndizi, kokoa iliyokaushwa ya kumwonyesha mkwe. Nani anakwenda kwa wakwe mikono mitupu? Rubani alizunguka ule mlima wa magunia, akatuambia kwa upole kwamba tuchague kuacha mchele au kuacha watu watatu. Mchele ulifuata kwa basi, ukafika baada ya harusi, na bibi mmoja hajausahau ugumu ule hadi leo.

Hesabu yenyewe si ngumu. Caravan ya abiria, ukitoa uzito wake, ina uwezo wa kubeba tani moja na nusu na ushee. Ndani ya hiyo toa rubani, toa mafuta ya saa mbili na nusu pamoja na akiba ya lazima, ambayo yanaweza kufika kilo 600. Kinachobaki ni kama kilo 900. Gawa kwa watu kumi: kila mmoja na mzigo wake wote asizidi kilo 90. Songwe nako si pwani. Uwanja uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na kwenye hewa nyepesi ya mwinuko, hasa jua likiwa kali, ndege hunyanyuka kwa taabu zaidi, kwa hiyo rubani anaweza kupunguza tena. Pima watu kwa mizani ya kweli, ile ya ghala la mpunga inafaa kabisa, na upeleke namba hizo kwa kampuni siku tatu kabla. Usiwaulize watu uzito wao. Wapime. Mizigo iwe ya mifuko laini, kilo 15 kwa mtu, kwa sababu sanduku gumu haliingii chini ya tumbo la ndege. Kama mnasafirisha jeneza, uliza vipimo vya mlango wa mizigo mapema, na uwe na cheti cha kifo na kibali cha kusafirisha mwili mkononi.

Karatasi za ndege nazo uzione kwa macho yako. Kampuni ya kukodisha lazima iwe na cheti cha uendeshaji kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, na leseni ya biashara hiyo. Ziombe, na uombe bima ya abiria pia. Atakuja mtu mwenye ndege yake binafsi, namba ya 5H ubavuni kama zote za Tanzania, atasema atawapeleka kwa gharama ya mafuta tu. Mshukuru, ukatae. Ndege iliyosajiliwa kwa matumizi binafsi ikibeba abiria wa kulipa, bima inaweza kuwakataa wote siku ya ajali, na watakaobaki wakihangaika ni wajane na watoto.

Mvua za kwetu zinajulikana. Machi hadi Mei mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hujaa, barabara hukatika, na upepo wa kusi husukuma mawingu ya ziwani yakaegemea Rungwe na Livingstone hadi Juni. Katika miezi hiyo weka siku moja ya akiba, ulale Mbeya, uruke asubuhi kabla mawingu ya mchana hayajajijenga. Ndege ndogo nyingi hupangiwa kuruka kwa mwanga wa jua tu, kwa hiyo ukichelewa kufika Songwe ikapita saa tisa alasiri, safari ya Dar imekwisha kwa siku hiyo. Rubani akisema hapana, asibembelezwe wala asiongezewe pesa. Novemba 6, 2022 ndege ya abiria iliyokuwa ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa iliangukia Ziwa Victoria, wakafa watu 19 kati ya 43. Sisi nasi ni watu wa ziwa.

Wapo wanaoniuliza kuhusu kununua. Chukua mnunuzi wa kokoa anayekwenda Dar na kurudi mara 12 kwa mwaka. Hizo ni saa 60 za kuruka. Saa 8,700 zilizobaki ndege imeegeshwa, na bado inadai maegesho, bima, mshahara wa rubani na ukaguzi wa fundi mwenye leseni. Injini ya Caravan kwa kawaida hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ikifikisha saa 3,600, na gharama yake ni ya kununulia nyumba. Kwa saa 60, kodi. Ukifika saa 200 au 300 ndipo tuzungumze, na hata hapo tafuta wenzako wawili, muandikiane mkataba kwa wakili, na mlipe ninyi wenyewe fundi wa kuikagua ndege. Fundi asilipwe na muuzaji. Vitabu vya kumbukumbu za injini vikipungua hata ukurasa, ondokeni.

Nimeacha la mgonjwa hadi sasa kwa sababu halina nafasi ya kubahatisha. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, iliyoanza 1957 kwa juhudi za madaktari bingwa wa upasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, ina makao yake uwanja wa Wilson, Nairobi, kama kilomita 930 kutoka Songwe. Ina uanachama wa mwaka unaogharimu kidogo sana ukilinganisha na kukodi ndege ya wagonjwa siku ya dharura. Soma masharti yake uone unapelekwa hospitali ya wapi. Ndege haitaondoka kabla daktari wa Kyela au wa hospitali ya Matema hajazungumza na daktari wa huduma hiyo na hospitali ya kupokea haijathibitisha kitanda. Daktari aseme waziwazi kama mgonjwa ana hewa iliyonaswa kifuani, kwa sababu hewa hiyo hutanuka angani. Mgonjwa akipelekwa Nairobi, yeye na msindikizaji wanahitaji hati za kusafiria. Namba ya simu ya huduma hiyo, kadi ya uanachama, pasipoti mbili, uzito wa mgonjwa na namba ya dereva anayeijua barabara ya Tukuyu usiku: viweke katika bahasha moja, na mtu wa nyumbani asiyesafiri ajue ilipo.